Pikipiki za Zamani za Kiingereza: Kutambua Spea na Kuondoa Hitilafu, Hatua kwa Hatua

Pikipiki ya Kiingereza iliyotoka kiwandani kati ya miaka ya 1940 na 1970 haifi kwa uzee peke yake. Nyingi humalizwa na fundi aliyezoea Honda na Boxer: anaijia na spana namba 14, spana inateleza, anashika nati kwa plaisi mpaka pembe zinaisha, kisha anafunga bolti ya milimita kwenye tundu la inchi kwa sababu ilikubali kuingia mizunguko miwili. Baada ya hapo, hata anayeijua vizuri mashine hiyo hutumia siku zake za kwanza kurekebisha matengenezo ya waliomtangulia kabla hajaugusa ubovu wenyewe.

Utaratibu ninaousisitiza hapa ni mmoja: tambua, pima, ndipo ufungue. Nitazungumzia zaidi BSA na Triumph kwa kuwa zilitengenezwa kwa wingi na spea zake bado zinapatikana, lakini mengi yanazihusu pia Norton, Matchless, AJS, Ariel na Royal Enfield. BSA zilitoka Small Heath, Birmingham. Triumph ilihamia Meriden mwaka 1942 baada ya kiwanda chake cha Coventry kupigwa mabomu. Norton ilikuwa Bracebridge Street, Birmingham, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilipohamishiwa Plumstead, London. Viwanda vilikuwa mbalimbali, ila karibu vyote vilinunua kabureta kwa Amal na vifaa vya umeme kwa Lucas, kwa hiyo ukiielewa moja umeshazielewa nyingine nusu.

Wakati wa utawala wa Waingereza mashine hizi zilifika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, na nyingine bado zimelala kwenye mabanda na stoo za nyumba za zamani. Ukiipata moja, usiwe na haraka ya kuipiga kiki.

Anza na namba

Usinunue hata gasketi kabla hujajua modeli na mwaka. Tanki hubadilishwa, beji hubandikwa, rangi hupakwa upya. Namba ndizo zinazosema ukweli, ingawa nazo kuna watu huzichezea.

Kwenye Triumph na BSA, namba ya injini imegongwa upande wa kushoto wa krenkikesi (nyumba ya krenki), chini kidogo ya pale silinda inapokalia. Namba ya fremu mara nyingi iko kwenye shingo ya fremu, pale usukani unapopita. Kwa BSA za baadaye kama A65, itafute kwenye sikio la mbele linaloshika injini. Safisha sehemu hiyo kwa mafuta ya taa na brashi laini ya shaba. Usipitishe tupa wala msasa, maana ukishafuta alama za kiwandani hakuna atakayekuamini tena. Weka karatasi juu ya namba, sugua kwa penseli, halafu piga picha. Nakala hiyo ya penseli huonyesha mikwaruzo ambayo jicho halikuiona.

Triumph za 650 zenye injini na giaboksi katika nyumba moja, kuanzia msimu wa 1963 hadi 1969, zina herufi DU kabla ya namba, kwa mfano T120 DU ikifuatiwa na tarakimu. Zile ndogo za 350 na 500 za aina hiyohiyo zina H. Katika msimu huohuo wa 1969, Triumph na BSA zilianza kutumia herufi mbili: ya kwanza ni mwezi, ya pili ni msimu. Miezi inakwenda A, B, C, D, E, G, H, J, K, N, P, X kuanzia Januari hadi Desemba. Misimu inakwenda C kwa 1969, D kwa 1970, E kwa 1971, G kwa 1972, H kwa 1973. Hapa wengi hupotea: msimu haukuanza Januari. Mashine yenye NC ilitengenezwa Oktoba 1968 lakini ni ya msimu wa 1969, na spea zake uagize kwa msimu wa 1969.

Kwa Triumph nyingi, namba ya injini na ya fremu zinatakiwa zilingane. Kwa BSA za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 hazilingani hata kidogo, tena ilikuwa hivyo tangu kiwandani. Nimeona watu wakikataa BSA nzuri kwa sababu hiyo tu, na ni hasara. Kinachotakiwa ni namba zote mbili ziwe za modeli na kipindi kimoja. Ukiona WM20 kwenye injini, hiyo ni BSA ya jeshi la Uingereza ya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia: silinda moja, valvu za pembeni, 496 cc. Uingereza kuna klabu iitwayo Vintage Motor Cycle Club, iliyoanzishwa mwaka 1946, inayotunza kumbukumbu za viwanda kadhaa na inaweza kuthibitisha mashine ilitoka lini.

Thredi na spana: hapa ndipo mashine nyingi huharibiwa

Ukielewa sehemu hii tu, umeshaepuka nusu ya hasara. Kwenye pikipiki moja ya Kiingereza unaweza kukuta aina tatu au nne za thredi, na kila moja ina kazi yake.

BSW, yaani Whitworth yenyewe iliyotungwa na Joseph Whitworth mwaka 1841, ina meno makubwa na hutumika zaidi pale bolti au stadi inapoingia kwenye aluminiamu. BSF ni ndugu yake mwenye meno madogo. Zote mbili zina pembe ya nyuzi 55. CEI, ambayo wengine huiita thredi ya baiskeli, ina pembe ya nyuzi 60, na saizi nyingi zake zina meno 26 kwa inchi. Ndiyo utakayoikuta sana kwenye fremu, ekseli na nati nyingi za chuma kwa chuma. Kisha mwishoni mwa miaka ya 1960 viwanda vilianza kuhamia UNF na UNC, thredi zilezile zinazotumika Marekani. Hawakuhama siku moja. Triumph ya 1969 au 1970 inaweza kuwa na za zamani na mpya kwenye injini ileile.

Chukua bolti ya robo inchi uiweke kwenye mwanga. Ikiwa ya BSF ina meno 26 kwa inchi. Ikiwa ya CEI, nayo ina 26. Ukipima kwa geji ya thredi bila makini utasema ni moja. Nati ya CEI itapanda kwenye bolti ya BSF, na utahisi iko sawa mpaka uanze kukaza. Pembe hazilingani, kwa hiyo meno yanashikana kwenye ncha tu, na mtetemo wa injini unaimaliza kazi iliyobaki. UNF ya robo inchi ina meno 28: inaingia mizunguko miwili au mitatu kisha inagoma. Mkono unakwambia sukuma kidogo. Usisukume. Kila nati lazima iende kwa vidole mpaka mwisho. Ikigoma, toa upime upya. Geji ya thredi ya Whitworth na ya nyuzi 60 ziwe zote mbili mfukoni, uzipime bolti ukiangalia kinyume cha mwanga: palipo na pembe sahihi hapapiti mwanga.

Sasa spana. Namba iliyoandikwa kwenye spana ya Whitworth si upana wa nati. Ni unene wa bolti. Ndiyo maana spana yenye 1/4 haifanani na robo inchi yoyote unayoiona. Utaona pia mdomo mmoja umeandikwa 1/4W na 5/16BS pamoja, kwa sababu vichwa vya BSF vilikuwa vidogo kwa hatua moja. Upana halisi ni huu:

3/16W: milimita 11.3
1/4W: milimita 13.3
5/16W: milimita 15.2
3/8W: milimita 18.0
7/16W: milimita 20.8
1/2W: milimita 23.4

Angalia 1/4W, saizi unayoitumia zaidi kuliko zote. Spana 13 haiingii, na 14 inacheza. Hiyo 14 ndiyo inayokula pembe za nati. Spana 18 kwa 3/8W inakaa sawasawa, hiyo unaweza kuitumia bila wasiwasi. Kwa nyingine, tafuta seti ya Whitworth. Haihitaji kuwa mpya. Ukimpata fundi mzee aliyefanya kazi karakana za reli, muulize kwa heshima. Injini nyingi za treni zilizoletwa Afrika Mashariki zilitoka Uingereza, na spana za aina hii zilikuwa kazi yake ya kila siku.

Kutambua spea iliyo mkononi

Spea isiyo na boksi wala jina bado inaweza kujieleza. Triumph ilitumia herufi kwenye namba za spea: E kwa injini, T kwa giaboksi na klachi, F kwa fremu, H kwa foki za mbele, W kwa magurudumu. Baadaye zikageuzwa kuwa tarakimu: E ikawa 70, T ikawa 57, F ikawa 82, H ikawa 97, W ikawa 37. Kwa hiyo E3134 na 70-3134 ni kitu kilekile, na muuzaji yeyote wa maana atakuelewa ukitaja mojawapo. BSA ilitumia tarakimu mbili za mwanzo kuonyesha familia ya modeli iliyotumia spea hiyo kwanza. Hii haina maana kwamba spea yenye 67 mwanzoni haiingii kwenye mashine ya familia nyingine. BSA ilirudia spea zake kwa miaka mingi.

Tahadhari kubwa: namba iliyotokeza juu kwenye aluminiamu, ile iliyotoka pamoja na kalibu, mara nyingi ni namba ya kalibu tu. Kifuniko kilekile kinaweza kutobolewa kwa namna mbili na kuwa spea mbili tofauti. Usiagize kwa namba hiyo peke yake. Linganisha matundu, pima kwa vernia, halafu ufananishe na kitabu cha spea cha mwaka wako.

Lucas walikuwa waungwana zaidi. Dainamo, magneto, swichi na taa zao zimegongwa modeli, namba ya spea na mara nyingi mwezi na mwaka. Ukikuta K2F, hiyo ni magneto (kifaa kinachotoa moto wa plagi bila betri) ya injini ya silinda mbili. E3L ni dainamo ya volti 6. RM19 na RM21 ni alteneta. Tarehe kwenye magneto ikipishana miezi michache na ya injini, huenda ni ya asili. Ikipishana miaka kumi, ilibadilishwa.

Amal nao hugonga namba ubavuni mwa kabureta. Zenye boya kwenye kikopo cha pembeni kilichofungwa kwa bolti ni za zamani, kwa mfano 276. Monobloc, yaani 375, 376 na 389, zilianza katikati ya miaka ya 1950 na boya lake liko ubavuni ndani ya mwili uleule. Concentric zilikuja mwaka 1967 na boya liko chini. Kwenye Concentric tarakimu mbili za mwisho ni kipenyo cha koo kwa milimita: 930 ni milimita 30, 928 ni 28. Tarakimu zinazofuata baada ya mstari, mfano 376/ na namba yake, ndizo zinazoonyesha kabureta iliwekewa jeti na slaidi za mashine gani. Mtu anapolalamika kwamba Triumph yake inakunywa petroli, kitu cha kwanza ninachotaka kujua ni hiyo namba baada ya mstari.

Kabla ya kuiwasha iliyolala muda mrefu

Toa plagi, mimina oili kidogo kwenye kila silinda, iache usiku mzima. Siku ya pili weka gia ya juu, zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono taratibu. Ikigoma usilazimishe, ongeza oili na subira. Mwaga oili yote ya zamani kwenye tanki, kwenye injini, giaboksi na sehemu ya cheni ya ndani. Fungua kichujio cha chini ya injini uangalie kilichobaki humo: tope jeusi ni la kawaida, vipande vya chuma si vya kawaida.

Kuna jambo la afya ambalo lazima nilitaje. Bitana za breki na klachi za miaka hiyo zilikuwa na asbesto. Usipulize vumbi la breki kwa mdomo wala kwa kompresa. Lilowanishe, lifute kwa kitambaa chenye maji, ukifunge kitambaa hicho kwenye mfuko na ukitupe.

Oili: shida inayoogopwa na isiyoeleweka

Nyingi za injini hizi hubeba oili kwenye tanki la nje. Pampu ina pande mbili: mmoja unapeleka oili kwenye krenki, mwingine wenye uwezo mkubwa zaidi unaivuta kutoka chini ya injini na kuirudisha tankini. Kwa hiyo ukiwasha na kufungua mfuniko wa tanki, unatakiwa uone oili ikirudi kwa mikupuo, imechanganyika na hewa. Fanya hivyo kila unapowasha. Isiporudi, zima mara moja.

Pikipiki ikisimama majuma kadhaa, oili hupenya polepole kupitia pampu na kujaa chini ya injini. Mwenyewe anaona tanki limepungua, anaongeza, anawasha, na oili inatoka kila mahali: kwenye bomba la kupumulia, kwenye egzosi, kwenye sili. Wengi huona injini imekufa. Haijafa. Fuata hivi:

1. Kabla hujaongeza hata tone, fungua plagi ya chini ya injini uweke bakuli. Kikitoka kikombe kimoja au zaidi, oili ya tanki imehamia chini.
2. Irudishe tankini kama ni safi, funga, washa, uangalie inavyorudi.
3. Hali ikijirudia kila baada ya siku moja au mbili, fungua pampu. Ikichukua mwezi mzima kushuka, kwa mashine ya umri huu hilo linavumilika.
4. Triumph ina pampu ya plunja. Chini yake kuna plagi mbili, na chini ya kila plagi kuna springi na gololi. Uchafu mdogo kiasi cha chembe ya mchanga ukikaa chini ya gololi, oili inapita. Osha, weka gololi mpya, zigonge taratibu mara moja kwa kipande cha shaba ili zikae vizuri kwenye kiti chake, kisha jaza oili juu yake uone kama inashuka.
5. BSA na Norton zina pampu ya gia. Hapo angalia gololi na springi inayozuia oili kushuka, na uso wa pampu kama umechakaa au umepinda.

Kwa BSA za silinda moja kama M20 na B31, ikiwa oili hairudi kabisa, kagua gololi iliyo kwenye bomba la kufyonza chini ya injini. Hukwama. Toa bamba la chini, ingiza waya laini kwenye bomba, isukume juu kidogo na uhisi kama inacheza. Dakika tano hizo zimeokoa injini nyingi.

Injini za silinda mbili za BSA, A10 na A65, zina udhaifu unaotakiwa ujulikane. Oili inaingia kwenye krenki kupitia bushi ya upande wa kulia. Bushi ikichakaa, oili inavuja hapo kabla haijafika kwenye beringi za konrodi, na ya upande wa kushoto, iliyo mbali zaidi, ndiyo inayoumia kwanza. Dalili ni presha kushuka injini ikipata moto na mlio mzito wa kugonga kutoka chini. Oili nzito hailiponyi tatizo hili. Inatakiwa bushi mpya, ichongwe kwa mstari mmoja na beringi ya upande wa pili, na kazi hiyo mpe mwenye mashine ya kuchongea.

Ukifikia kufungua krenki ya Triumph au BSA ya silinda mbili, usiifunge tena bila kusafisha mfereji wa tope ulio ndani yake. Ni mrija uliowekwa kukusanya uchafu, na baada ya miaka hujaa mpaka oili haipiti. Kwenye Triumph 650 toa skrubu ya mwisho iliyogongwa alama, halafu kumbuka bolti moja ya flaiwili inaingia kwenye tundu la mrija huo. Usipoitoa bolti hiyo kwanza, mrija hautoki, na ukivuta kwa nguvu unauchana.

Haiwaki, au inawaka baridi na kugoma ikiwa moto

Tenganisha moto wa plagi na petroli. Injini inapogoma, palepale toa plagi kabla haijapoa, iegemeze kwenye hedi, piga kiki. Cheche ya buluu inayopiga kwa sauti ni nzima. Nyembamba ya njano, au hakuna kabisa, shida ni ya umeme.

Magneto ya Lucas inayowasha vizuri asubuhi na kukataa baada ya safari ya nusu saa kwa kawaida ina kondensa iliyochoka. Kondensa hiyo iko ndani ya amecha (sehemu ya magneto inayozunguka), haionekani kwa nje. Dalili yake ya karibu: fungua kifuniko cha pointi (viguso vinavyofunga na kukata umeme), mtu azungushe injini gizani. Ukiona cheche kubwa zinaruka kwenye pointi zenyewe huku plagi haina kitu, umempata mhusika. Kabla ya kufika huko, safisha pointi na uweke nafasi ya inchi 0.012, yaani milimita 0.30. Kwa zenye koili na betri, inchi 0.015, milimita 0.38, inafaa.

Silinda moja ikikosa moto na nyingine iko sawa kwenye K2F, toa kishikio cha waya wa plagi, funga kitambaa safi chenye petroli kidogo kwenye kijiti, kiingize kwenye tundu na uzungushe injini ili kisugue ringi ya kupitishia umeme. Unga wa kaboni ukijaa hapo umeme hupotea njia. Ukiamua kutoa amecha yenyewe, kwanza toa skrubu ya usalama na brashi ya kaboni ya bodi zilizo kwenye nyumba ya magneto. Zikibaki, ringi inapasuka unapovuta, na ringi hiyo ni spea ya bei.

Kwa taimingi, njia ya karatasi nyembamba inafanya kazi vizuri: ibane kati ya pointi, ivute kidogo kwa vidole viwili huku ukizungusha injini polepole. Inapoachia tu, ndipo pointi zimefunguka. Linganisha na alama ya injini yako kama ilivyo kwenye kitabu, taimingi ikiwa imesogezwa mbele kabisa.

Sasa kabureta. Amal hupinda uso wake wa kufungia kwa sababu watu hukaza nati mbili za pembeni kwa nguvu zote. Hewa inaingia katikati, sailensa (mzunguko wa injini bila kuvuta mafuta) haitulii, injini inapiga chafya kwenye kabureta. Paka grisi nzito kuzunguka maungio injini ikiwa sailensa. Ikitulia, hewa inaingilia hapo. Bandika msasa namba 400 juu ya kioo, sugua uso wa kabureta kwa mzunguko mpaka ung'ae sawasawa, weka oringi mpya, ukaze kwa usawa na kwa kiasi.

Slaidi na mwili wa Amal za zamani ni aloi laini ya zinki na vyote huliwa. Ishike slaidi ikiwa imefungwa nusu, itikise. Ikigonga, hakuna namna ya kuipata sailensa nzuri. Kwenye Concentric, jeti ndogo ya sailensa imesukumizwa ndani na haitoki. Tundu lake ni inchi 0.016, milimita 0.4. Ondoa skrubu ya hewa, ingiza kidrili cha saizi hiyo kilichoshikwa kwa vidole, usitumie mashine. Kisha anza na skrubu ya hewa ikiwa imefunguliwa mzunguko mmoja na nusu.

Umeme: chanya iko kwenye bodi

Karibu pikipiki zote hizi za kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1950 mpaka miaka ya 1970 zina chanya ya betri kwenye fremu. Fundi wa mashine za Japani hufunga hasi kwenye fremu kwa mazoea, na dakika hiyohiyo dayodi zinaungua. Rangi nazo zinapotosha: kwenye nyaya za Lucas za miaka ya 1960, waya mwekundu ndio wa bodi. Unaobeba umeme kutoka hasi ya betri ni kahawia wenye mstari wa buluu, na mweupe unatoka kwenye swichi kwenda kwenye mfumo wa moto. Andika hivyo kwenye karatasi uibandike chini ya siti.

Dainamo isiyochaji ijaribu hivi: itoe nyaya, unganisha vituo vyake viwili vilivyoandikwa D na F pamoja kwenye hasi ya betri, na chanya kwenye mwili wake, mkanda au cheni ikiwa imetolewa. Ikizunguka kama mota, dainamo ni nzima na shida iko kwenye regyuleta au nyaya. Isipozunguka, angalia brashi na komuteta. Kwa zenye alteneta za volti 12, ile dayodi ya Zener (inayozuia volti kuzidi) inayofungwa kwenye kipande cha aluminiamu inahitaji uso safi bila rangi ili itoe joto. Stadi yake ni ya shaba, inakatika upesi, kwa hiyo kaza kwa mkono mwepesi.

Klachi

Gia zinapolia asubuhi, mara nyingi ni sahani zilizogandana kwa oili. Vuta hendeli ya klachi, piga kiki mara mbili au tatu kabla ya kuwasha. Zikizidi kugandana, toa kifuniko cha kushoto. Vuta klachi, mtu apige kiki taratibu, wewe tazama sahani ya juu inavyozunguka. Ikiyumba, nati za springi hazilingani. Kaza upande unaotoka nje zaidi, robo mzunguko kwa mara moja, mpaka izunguke bila kuyumba. Kisha kaza skrubu ya katikati mpaka iguse fimbo, irudishe nusu mzunguko. Usitumie oili ya magari madogo yenye viungo vya kupunguza msuguano kwenye sehemu hii. Itateleza, na utalaumu sahani zisizo na kosa.

Valvu na uvujaji

Pima nafasi za valvu injini ikiwa baridi kabisa, ilale usiku. Triumph T120 inataka inchi 0.002 kwenye inleti na 0.004 kwenye egzosi, yaani milimita 0.05 na 0.10. BSA A65 inataka 0.008 na 0.010. Baada ya kufunga hedi mpya, tembea kilomita 400 hivi, acha ipoe, kaza tena bolti za hedi, ndipo upime valvu upya, kwa kuwa kukaza hedi hubadilisha nafasi hizo.

Uvujaji wa oili usianze kuutibu kwa gundi. Hakikisha kwanza bomba la kupumulia halijaziba na pete za pistoni hazipitishi presha, kwa sababu presha ndani ya krenkikesi itasukuma oili popote. Kisha weka kifuniko juu ya kioo: kikicheza, kimepinda, kisugue kwa msasa kama uso wa kabureta.

Kuagiza spea

Uingereza ndiko kwenye chaguo pana. Kwa Royal Enfield Bullet, India ina faida kubwa: Bullet zilianza kuunganishwa Madras mwaka 1955 na ziliendelea kutengenezwa huko kwa miongo mingi kwa muundo uleule, kwa hiyo spea nyingi zinaingia kwenye mashine zilizotoka kiwanda cha Redditch, Uingereza, miaka hiyo kwa bei ndogo. Pima thredi kabla ya kukaza, hata hivyo.

Unapoandika kwa muuzaji, taja namba ya injini nzima pamoja na herufi zake, namba iliyogongwa kwenye spea, idadi ya meno kwa inchi, na utume picha ya spea ya zamani ikiwa pembeni ya rula. Spea hiyo ya zamani usiitupe mpaka mpya imefungwa na mashine imeshatembea.